Mvua ya Saa Tano

Kapsoit,
Jumapili, 8 Juni 2025.

Kwa dada yangu mpendwa Sally,

Chamgei. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Lodwar, na kwamba joto halijakumaliza wala wagonjwa hawajakupokonya usingizi wote. Sisi hapa nyumbani tuko wazima wa mwili. Goti la Mama limetulia tangu aache kubeba gunia la majani mwenyewe hadi kituoni. Chai imechipuka vizuri mwezi huu. Kaburi la bibi yetu Kogo limeota nyasi, na yale maua uliyopanda yameshika. Kiatu chako cheupe, kile kilichobaki baada ya mwenzake kumezwa na matope siku ya mazishi, bado kiko darini. Mama amekataa kitupwe. Anasema matope yaliyokauka juu yake ni ya Kogo.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu yangu na kompyuta vilichukuliwa na watu wa kazini wiki tatu zilizopita na bado havijarudishwa. Ningeweza kuazima simu ya Mama, lakini unajua simu ya Mama, huzungumza kwa sauti boma zima likasikia. Na jambo lenyewe siwezi kulisema kwa mdomo. Nimejaribu kulisema peke yangu kule kwenye majani, nikashindwa kufika mwisho. Tafadhali soma ukiwa umeketi.

Kazi yangu unaijua, ila sidhani niliwahi kukueleza ilivyo. Shirika letu la ndege ni dogo. Mwaka jana liliamua kununua ndege sita mpya za abiria hamsini, za kutua kwenye viwanja vidogo vya huku bara, ukiwemo ule ulio katikati ya mashamba ya chai karibu na Kericho mjini. Kampuni mbili za ng'ambo zikajitokeza, Ostrel na Tarvane, na mimi nikawekwa kwenye kamati kama injinia wa kupiga hesabu za kuruka na kutua. Wengine wangeangalia bei na viti. Mimi ningesema kama ndege ikifika hapa itasimama kabla lami haijaisha.

Sikuwahi kuona watu wazima wakishindana namna ile. Wakala wa Tarvane, Eliakim, mtu wa Kisii mwenye sauti ya mhubiri, aliniambia kwamba Ostrel hutua kama mtamba aliyevalishwa viatu. Wakala wa Ostrel ni Kipngetich, wa upande wa Bomet, yule aliyewahi kuja kuimba na kwaya ya kanisa letu. Aliposikia hayo alijibu kwamba Tarvane nayo huruka kama kuku aliyenyeshewa, na abiria mwenye haraka ni heri apande punda. Siku ya majaribio kila kampuni ilileta ndege yake. Wachuna majani waliacha vikapu na kusimama pembeni ya uwanja, Eliakim akagawa kofia, Kipngetich akagawa fulana, na mama mmoja akachukua vyote viwili akasema yeye atapanda itakayokuja kwanza. Tulicheka sana siku hiyo. Nakumbuka nilicheka.

Tofauti ya ndege hizo ilikuwa moja tu. Ostrel ni nyepesi, ina kasi, na hainywi mafuta mengi. Nilipoiona mara ya kwanza ikiinama kuja kutua juu ya majani mabichi, niliipenda, na sina aibu kukuambia hivyo. Lakini lami ikilowa, Ostrel huhitaji nafasi ndefu ya kusimama kuliko uwanja wetu ulivyo. Tarvane ni nzito na ni ghali, ila husimama mapema hata kwenye maji. Ratiba yetu ilikuwa kutua kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana. Basi mashindano yote ya kampuni kubwa mbili, na wanasheria wao, na vitabu vyao vya kurasa elfu, yakaishia kwenye swali ambalo Kogo angeweza kuliuliza akipepeta maharagwe: Kericho hunyesha saa ngapi?

Utasema kila mtu anajua, hunyesha alasiri. Lakini kamati haipokei neno la kila mtu. Inataka takwimu. Na kituo cha hali ya hewa cha lile shamba kubwa kilifungwa mwaka ule mashine za kuchuma zilipoletwa, mwaka ule ule Baba alipoachishwa kazi ya ukarani. Unakumbuka alivyorudi. Walimshika mkono, wakamwambia asante Mathew, naye akaja nyumbani na kile kipima mvua kilichokuwa kinatupwa, akakisimamisha juu ya nguzo nyuma ya zizi. Tangu siku hiyo hajawahi kuacha kupima mara tatu kwa siku: saa tatu, saa sita, na saa kumi na mbili jioni. Sisi tulimcheka. Wewe ulisema Baba amekuwa karani wa mawingu. Hata salamu zake kwako huwa ni milimita.

Kumbe katika eneo zima daftari lake ndilo lilikuwa kumbukumbu pekee ya miaka mitatu ya karibuni. Nilipomwomba, mwezi wa Januari, alisema la zamani limelowa na kurasa zimeshikana, akataka nimpe muda alinakili. Alichukua wiki tatu. Aliniletea daftari jipya lenye mistari iliyopigwa kwa rula, safu tatu, wino mweusi, mwandiko ule wake wa zamani wa ofisini. Kwa hesabu ya daftari hilo, mvua ya kati ya saa tatu na saa sita ilikuwa imeanguka siku kumi na moja tu kwa mwaka. Ostrel ikapita. Mwezi wa Machi niliandika ripoti, na chini yake, mahali pa kutaja chanzo cha takwimu, nikaandika jina kamili la Baba. Mwezi wa Aprili kamati ikachagua Ostrel.

Tarehe kumi na tisa Mei niliitwa na mwenyekiti wetu, Injinia Bilhah. Huyu ni mama aliyezaliwa Kericho mjini, wazazi wake walitoka Nyeri wakafungua duka la vifaa vya ujenzi. Ndiye aliyeniajiri, na kwa miaka minne amenitendea kama mtoto wake. Hakunisalimu. Alinisukumia picha mezani. Ndani ya picha kulikuwa na zizi letu, na Baba amevaa lile koti lake la Jumapili, na yule ng'ombe Friziani mwenye baka jeupe begani, na upande wa pili, mkono wake ukiwa juu ya mgongo wa ng'ombe, alikuwa Kipngetich wa Ostrel.

Sally, ng'ombe nilimtambua mara moja. Huyo Friziani nilimkuta nyumbani Krismasi. Nilimuuliza Baba amempata wapi, akaniambia Mungu amelikumbuka boma, nami nikafurahi, maana tangu yule wetu afe kwa ugonjwa wa ndigana Mama alikuwa akinunua maziwa dukani. Nilikunywa maziwa ya mursik ya ng'ombe yule. Nilirudi Nairobi na kibuyu kizima.

Picha ilikuwa imetumwa na Eliakim. Alikuwa amemtuma mtu mpaka hapa Kapsoit kuuliza uliza. Bilhah aliniuliza kama nilijua. Nilisema sikujua, na huo ulikuwa ukweli. Aliniuliza mara ya pili, polepole, kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango, nami nikarudia vile vile. Ndipo wakachukua simu na kompyuta, wakanituma nyumbani nisubiri.

Nilipofika hapa Baba hakuniangalia usoni kwa siku mbili. Siku ya tatu alinieleza akiwa amempa mgongo Mama. Yule ng'ombe si wetu. Ni wa kimanagan. Kipngetich alimleta mwezi wa Novemba, akasema malisho yake ya Bomet yamekwisha, akamwomba Baba amfugie kama rafiki anavyomfugia rafiki. Maziwa ni ya anayelisha, ndama ni wa mwenyewe. Na wewe unajua ilivyo tangu enzi za mababu: ng'ombe wa kimanagan hatangazwi. Mwenye kumfuga hasemi ni wa nani, hata kwa watoto wake, maana aliyeficha mali yake kwako amekupa siri. Baba alinyamaza kwa heshima. Hakuona hongo pale. Aliona kwamba mtu mwenye suti amekuja hadi kwake, mzee aliyeachishwa kazi, akamchagua awe rafiki.

Nilidhani nimeangamia. Ikatokea kinyume, na hilo nalo lilinishangaza. Wanasheria walimwita Kipngetich, akaja na karatasi za daktari wa mifugo zenye jina lake. Walimwita mzee mmoja wa kanisa letu, akawaeleza desturi kuanzia mwanzo hadi mwisho na kuwauliza kama huko Nairobi hawana marafiki. Mwanasheria wa upande wa Eliakim alisema maziwa ni zawadi. Yule mzee akamwambia maziwa ni jasho la anayekata nyasi, na kama anabisha aje akate wiki moja. Watu walicheka. Jumatano iliyopita kamati iliandika kwamba ng'ombe hakutolewa kwa mtu yeyote, kwamba mimi sikujua habari zake, na kwamba ripoti yangu inasimama. Bilhah alinikumbatia mlangoni. Aliniambia, "Nilijua, mwanangu. Hesabu zako hazijawahi kudanganya."

Mkataba utatiwa sahihi Ijumaa, tarehe ishirini mwezi huu.

Sasa nakuomba ukumbuke siku tuliyomzika Kogo. Ijumaa, tarehe kumi na tisa Aprili, mwaka jana. Ibada ilianza saa nne kwa sababu mhubiri alikuwa na mazishi mengine Soin. Jeneza lilipofika ukingoni ilikuwa saa tano na kitu, na hapo ndipo mbingu zilipofunguka. Ilikuwa mvua ya mawe. Vijana walishusha jeneza wakiteleza, wewe ukapoteza kiatu, Mama akasema Kogo alikuwa mkaidi hata kaburini. Kufikia saa saba jua lilikuwa limewaka na watu wanakula wali.

Katika daftari la Baba, tarehe kumi na tisa Aprili, safu ya saa sita imeandikwa sufuri. Milimita thelathini na moja ziko kwenye safu ya jioni.

Juzi usiku, baada ya kula, Mama alipokwenda kulala, nilimwekea Baba ukurasa huo mbele yake, nikaweka kidole. Hakuuliza ninamaanisha nini. Alisema mwezi wa Januari Kipngetich alikuja kumwona ng'ombe wake, akaona daftari, wakazungumza. Akamwambia kwamba ndege hizi zitaleta kazi Kericho, kwamba binti yake ndiye atakayezileta, na kwamba kitu pekee kinachozuia ni mvua chache za asubuhi zilizokaa mahali pabaya. Akamwomba kama rafiki. Na mtu uliyemfugia ng'ombe akikuomba jambo, Sally, unamnyimaje? Baba alinitazama, akasema, "Sikuondoa hata tone moja. Niliisogeza tu."

Aliamini kwamba hiyo ni nafuu. Jumla ya mwaka iko sawa kabisa, milimita kwa milimita. Karani yule ndani yake hakukubali kupunguza mvua ya Mungu. Alibadilisha saa tu, ambayo kwake ilikuwa ni kama kuhamisha kikombe kutoka meza moja hadi nyingine. Nilipomuuliza daftari la zamani liko wapi, alisema alimpa Mama awashie moto. Mama hajui hadi leo kile alichowashia.

Nilimweleza kilichoko mwisho wa uwanja ule. Ostrel ikitua kwenye lami iliyolowa na watu hamsini ndani, hesabu yangu mpya inasema itapita mwisho wa lami kwa mita mia na arobaini. Hapo mbele pana mtaro, kisha majani, na kwenye majani pana watu wanaochuna kuanzia asubuhi hadi jioni. Baba aliwachukulia majina kwenye kitabu chake cha mahudhurio kwa miaka ishirini na sita. Alisema kwamba hakuna aliyemwambia habari ya mtaro.

Ungedhani hapo ndipo barua yangu inapoishia. Ningetamani iwe hivyo, kwamba mimi ni binti aliyedanganywa na wakala, na baba yake. Hivyo ndivyo Bilhah anavyonijua. Lakini kuna jambo ambalo hata Baba sijamwambia, na wewe ndiwe wa kwanza.

Niliona, Sally. Niliona mwezi wa Februari, kabla sijaandika ripoti, kabla sijasikia neno kimanagan. Nilikuwa nikiingiza tarakimu za Baba kwenye kompyuta, siku baada ya siku, nikafika tarehe kumi na tisa Aprili. Mkono ulisimama wenyewe. Nilikumbuka mawe yakigonga jeneza. Nilitazama ile sufuri muda mrefu, nikajua ni uongo, au ni kosa, sikutaka kujua ni ipi. Ningeweza kumpigia Baba. Ningeweza kukupigia wewe. Badala yake nilijiambia kwamba mzee amechoka, amekosea mstari mmoja siku ya msiba wa mama yake, na ni nani asiyeweza kumsamehe. Nikaandika sufuri. Nikageuza ukurasa.

Nimejiuliza kwa nini kwa wiki tatu, na jibu si zuri. Nilitaka ile ndege iliyonipendeza ishinde. Zaidi ya hapo, nilitaka jina la Baba lichapishwe chini ya ripoti ambayo watu wa ng'ambo wangeisoma, yeye waliyemshika mkono na kumwambia asante Mathew. Ningetilia shaka siku moja, ningelazimika kutilia shaka daftari zima, na jina lake lingetoka. Kipngetich alimnunua Baba kwa urafiki. Mimi sikununuliwa na mtu. Nilifanya bure, nikiwa na akili zangu timamu na shahada mbili.

Na nilipomwambia Bilhah sikujua, nilijibu kuhusu ng'ombe tu. Nilijua kabisa kwamba nilikuwa najibu kuhusu ng'ombe tu.

Nimemwandikia barua yake. Nimesema yote, pamoja na ya Februari, nikaomba ripoti iondolewe kabla ya tarehe ishirini. Nimeitia sahihi. Kesho nitazipeleka zote mbili kwa ofisi ya mabasi mjini, yake iende Nairobi na yako ije Lodwar. Nitapoteza kazi, na huenda leseni pia. Eliakim atasherehekea, na sina cha kumwambia, maana alikosea kuhusu ng'ombe na bado alikuwa na haki. Jina la Baba litasomwa mezani kwa sababu tofauti na ile niliyoitaka.

Lakini neno langu peke yake halitoshi tena. Kipngetich atasema nimetishwa, au nimenunuliwa na Tarvane, na daftari safi lenye mistari ya rula litawekwa mbele ya kamati likazungumza vizuri kuliko mimi. Lile la zamani ni majivu. Kilichobaki ni simu yako. Siku ya mazishi ni wewe uliyepiga picha, na picha za simu hubeba saa zilipopigwa. Nakumbuka tatu: ile ya mawe yamejaa juu ya kifuniko cha jeneza, ile ya mguu wako mmoja ndani ya matope, na ile ya Baba amesimama ukingoni, amemshikia mhubiri mwavuli. Hiyo ya tatu ndiyo inayohitajika kuliko zote, maana inamwonyesha mwenye daftari akilowa saa tano asubuhi.

Nakuomba uzitume kwa Bilhah. Namba yake nimeiandika nyuma ya ukurasa huu. Najua ninachokuomba. Ninakuomba utoe ushahidi dhidi ya Baba kwa picha ulizopiga ukimlilia Kogo. Ukiona huwezi, sitakulaumu, na sitakuuliza kamwe. Ila usizifute. Ikiwa siku moja ndege itaanguka kwenye majani yale, nataka sote wawili tuwe tunajua kwamba tulijua.

Mama anakusalimu sana, anauliza utakuja lini, na kama huko kuna mtu wa kukupikia. Jirani yetu Shirley amejifungua mtoto wa kike, wanakuombea nawe. Yule Friziani hayuko. Baba alimfungua jana asubuhi, akamfunga kamba, yeye na ndama wake, akaondoka nao upande wa Bomet. Alirudi jioni peke yake.

Naye anakusalimu. Hajui ninachokuandikia, au labda anajua, maana amepita dirishani mara mbili akiniona nimeinama. Mara ya pili alisimama, akaniambia nikuandikie kwamba leo amepima milimita kumi na saba. Nilimuuliza za saa ngapi. Aliinamia kile kichupa cha kupimia alichokuwa bado amekishika. Kisha akasema niandike saa nne asubuhi.

Ndimi mdogo wako,
Janeffer.